Nyumba ya zamani ina kosa gani? Kukarabati, kubomoa na majumba yanayojaza viwanja

Mtaa mkongwe unautambua kwa miti yake. Imekua hadi matawi yamekutana juu ya barabara, na chini yake nyumba zimekaa karibu kimo kimoja, kila moja na ua wa kupitisha upepo. Kisha nyumba moja inauzwa. Wiki chache baadaye tingatinga linaingia, na jengo lililowachukua mafundi miezi mingi kulisimamisha linageuka kifusi kabla ya saa sita mchana. Mahali pake linainuka jumba lililojaza kiwanja kutoka uzio hadi uzio, madirisha ya ghorofani yakitazama moja kwa moja ndani ya ua wa jirani.

Hapo ndipo ugomvi huanza. Wakazi wanalalamika kwamba mtaa unaharibiwa. Mwenye kiwanja anajibu kwamba mali ni yake, na nyumba ile ilikuwa imechoka. Kinachonisumbua katika mabishano haya ni kwamba swali la kwanza huwa haliulizwi: je, nyumba iliyobomolewa ilikuwa mgonjwa kweli? Mara nyingi haikuwa. Ilikuwa na paa linalovuja, nyaya za kizamani, bafu moja na jiko dogo, na hayo yote yanatibika. Iliangushwa kwa sababu ardhi iliyoikalia ilikuwa imepanda bei kuliko kuta zake. Asiyeielewa hesabu hiyo ataendelea kudhani ugomvi ni wa wapenda mambo ya kale dhidi ya wapenda mambo mapya.

Hesabu ya kiwanja

Anayenunua nyumba hununua vitu viwili kwa mkupuo, ardhi na jengo. Ardhi haichakai. Barabara ikitiwa lami, shule nzuri ikifunguliwa, kazi zikiongezeka mjini, kiwanja hupanda bei hata kama mwenyewe hajainua jembe. Jengo, kwa upande wake, linazeeka kila mwaka. Vitu hivyo viwili vikiachana kwa muda wa kutosha, inafika siku ambapo jengo ni sehemu ndogo tu ya bei yote, na mnunuzi analiona kama mzigo uliowekwa juu ya kile alichokuja kununua. Nchini Japani jambo hili limeandikwa hadi kwenye kanuni za kodi: nyumba ya mbao imepewa umri wa miaka 22, na soko nalo likazoea kuichukulia nyumba iliyofika umri huo kama isiyo na thamani, hata ikiwa ingali imara.

Hilo linaeleza kubomoa. Halielezi kwa nini kinachojengwa baadaye kinakuwa kikubwa kupita kiasi. Wengi husingizia majivuno ya wenye fedha, lakini majivuno ni sehemu ndogo. Tuchukue mfano wa namba za kubuni, bila sarafu. Nyumba kuukuu pamoja na kiwanja chake imenunuliwa kwa 100. Mjenzi akisimamisha nyumba mpya ya mita za mraba 120, ujenzi unamgharimu 60, kwa hiyo ametoa 160. Sokoni kila mita ya mraba inauzwa 1.2, basi anapata 144. Amepata hasara ya 16 kwa kujenga nyumba ya ukubwa wa kawaida. Sasa ajenge mita 300. Ujenzi haupandi hadi 150, kwa sababu jiko ni lilelile moja, bomba la maji kutoka barabarani ni lilelile, ramani na kibali ni vilevile. Kilichoongezeka zaidi ni kuta, sakafu na hewa. Tuseme ametumia 130, jumla 230. Hata akiuza mita kwa bei ya chini kidogo, 1.1, anapata 330. Faida yake ni 100.

Mita za mwisho ndizo nafuu kuzijenga, na zinauzwa karibu sawa na za kwanza. Ndiyo maana mtu aliyenunua kiwanja ghali ili ajenge na kuuza hana njia ya kujenga nyumba ndogo, hata akitaka. Kiwanja kinamsukuma ajenge hadi pale sheria itakapomzuia. Yule anayenunua ili akae mwenyewe yuko huru zaidi, maana hatafuti faida mwaka ujao. Anatafuta pa kulala pasipovuja. Watu hawa wawili wakikutana kushindania nyumba moja kuukuu, wa kwanza ndiye mwenye uwezo wa kupandisha dau, kwa kuwa ameshaihesabu ile 330 ambayo bado haijajengwa.

Nchini Marekani, ambako takwimu za jambo hili zimewekwa vizuri, nyumba mpya ya kati, yaani ile ambayo nusu ya nyumba mpya ni kubwa kuliko yenyewe na nusu ni ndogo, mwaka 1973 ilikuwa na mita za mraba 142 hivi. Mwaka 2015 ilikuwa imefika kama 229. Katika kipindi hicho hicho wastani wa watu katika kaya ulishuka kutoka 3 hadi kama 2.5. Nyumba zimevimba huku wanaoishi ndani wakipungua.

Umeme unaookolewa na saruji iliyokwisha kuchomwa

Hoja inayotolewa zaidi kutetea ubomoaji ni kwamba nyumba mpya hutumia nishati kidogo. Ina kuta zinazozuia joto, madirisha ya vioo viwili, mitambo ya kisasa. Kwa kila mita ya mraba ni kweli. Lakini bili haihesabiwi kwa mita moja. Nyumba yenye ufanisi mara mbili na ukubwa mara mbili na nusu inatumia umeme mwingi kuliko ile iliyoangushwa, na tangazo la mauzo halitalisema hilo.

Kuna deni jingine lisiloonekana kwenye bili. Utengenezaji wa saruji unakadiriwa kutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu, na zaidi ya nusu ya hiyo haitoki kwenye kuni wala makaa, bali kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa na kuvunjika. Kwa hiyo hata kiwanda kikitumia umeme wa jua, jiwe litaendelea kutoa hewa hiyo. Ongeza nondo, vioo, vigae na malori. Nyumba mpya inaanza maisha yake ikiwa na deni, na kila mwaka inalilipa kidogokidogo kwa umeme inaookoa. Mwaka 2012 National Trust for Historic Preservation, shirika la Marekani la kuhifadhi majengo ya kihistoria, lilitoa utafiti uliopima muda wa kulimaliza deni hilo. Jengo jipya lenye ufanisi zaidi kwa asilimia 30 kuliko jengo la kawaida lililokwishapo lilihitaji kati ya miaka 10 na 80, kutegemea aina ya jengo na mahali. Mwenye nyumba ya zamani aliyeziba nyufa za madirisha na kutandika kizuia joto juu ya dari anaanza kuokoa tangu mwezi wa kwanza, na deni lake ni dogo mno.

Na kifusi? Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, lilikadiria kwamba mwaka 2018 ujenzi na ubomoaji ulizalisha tani milioni 600 za taka, zaidi ya mara mbili ya taka zote za majumbani na mitaani. Zaidi ya asilimia 90 ya taka hizo zilitokana na kubomoa.

Humo ndani mnatupwa vitu ambavyo havipatikani tena. Mbao za nyumba nyingi za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 zilipasuliwa kutoka miti iliyokua polepole katika misitu ya asili, kwa mamia ya miaka. Ukiikata boriti ya namna hiyo na kuutazama mwisho wake, miviringo ya umri imebanana hata ni shida kuihesabu. Chukua mbao ya leo iliyotoka shamba la miti: miviringo michache, mipana kama kidole. Ya kwanza ni nzito, ngumu, na haiozi upesi. Jiji la Portland, jimbo la Oregon, liliona uchungu wa kuzika mbao hizo, na mwaka 2016 likaweka sheria kwamba nyumba iliyojengwa mwaka 1916 au kabla ya hapo, ikiondolewa, ifunguliwe kwa mikono kipande kwa kipande ili vifaa vyake vitumike tena. Baadaye mpaka ukasogezwa hadi nyumba za mwaka 1940. Ilikuwa pia njia ya kupunguza vumbi la hatari la rangi yenye madini ya risasi na la asbesto linalowaangukia majirani tingatinga linapofanya kazi.

Ukuta unaoumwa kwa sababu ya dawa

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nyumba nyingi zilizopewa hukumu ya kifo zilihukumiwa kwa ugonjwa ambao zilipewa na watu waliokuja kuzitibu.

Saruji ya Portland, yaani saruji ya kawaida ya leo, isiyohusiana na jiji lile la Oregon, ilipata hati ya ubunifu Uingereza mwaka 1824, na ilichukua miongo mingi kabla haijazoeleka katika nyumba za kawaida. Kuta nyingi za matofali na mawe zilizojengwa kabla ya hapo zimeshikwa kwa chokaa na mchanga. Chokaa ni laini kuliko tofali. Maji yakiingia ukutani hutoka kupitia viungo vya chokaa na kukauka nje. Msingi ukitulia kidogo, viungo hujongea bila tofali kupasuka, na nyufa ndogondogo hujiziba zenyewe kwa sababu maji huyeyusha chokaa kidogo na kuiacha ndani ya ufa. Ukuta wa aina hiyo umeumbwa ulowane na ukauke, ulowane na ukauke, kwa miaka mia na zaidi.

Kisha anakuja fundi mwenye nia njema. Anaona viungo vimelika, anavitindua na kuvijaza saruji. Juu yake anapiga lipu ya saruji na kumalizia na rangi ya plastiki. Mwaka wa kwanza nyumba inang'aa. Lakini maji yanayopanda kutoka ardhini, au yanayoingia kwenye ufa mmoja wa paa, hayana pa kutokea tena, kwa kuwa kiungo kimekuwa kigumu kuliko tofali. Yanatoka kupitia tofali lenyewe, yakibeba chumvi. Maji yanakauka, chumvi inabaki nyuma tu ya uso wa tofali, inaganda na kutanuka, na uso unabanduka kama gamba. Kwenye nchi za baridi kali barafu hufanya kazi hiyo haraka zaidi. Rangi inavimba, ukungu unaota pembeni mwa kitanda, chumba kinanuka. Mwenye nyumba anaita fundi mwingine, anaongezewa saruji. Baada ya miaka kumi anaambiwa kwamba ukuta umeoza, na nyumba haifai.

Kujua ukuta wako ni wa aina gani hakuhitaji maabara. Chukua msumari, ukwaruze kiungo mahali pasipoonekana. Chokaa hutoka unga mweupe unaoshika vidoleni. Saruji haikwaruziki kirahisi. Ukikuta viungo vya chokaa vimefunikwa saruji juu, matibabu ni kuitoa ile saruji kwa patasi, taratibu, na kurudisha chokaa. Si kazi ya siku moja, na fundi anayeijua anastahili kulipwa vizuri kuliko mpiga lipu. Nimeona kuta zilizosemwa kuwa zimekufa zikikauka ndani ya misimu miwili baada ya kuvuliwa koti la saruji na kurekebishiwa mifereji ya paa. Harufu ile ya unyevu ikaondoka kwanza.

Kinachompata jirani

Jumba kubwa halibaki kwenye kiwanja chake. Kivuli chake kinaangukia bustani ya jirani. Maji ya mvua yaliyokuwa yakinyonywa na ua sasa yanateremka kutoka paa pana na sakafu ya magari, na mitaro iliyopimwa kwa mtaa wa nyumba ndogo inafurika. Miti nayo hufa kwa kuchelewa: sehemu kubwa ya mizizi iko katika sentimita 60 hivi za juu za udongo na hutambaa mbali kupita kivuli cha matawi, hivyo mti ulioachwa umesimama huku mizizi yake ikikatwa kwa ajili ya msingi unaweza kukauka miaka mitatu au minne baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka sababu.

Miji kadhaa imejaribu kuweka kikomo, na njia zao zinafundisha. Austin, Texas, mwaka 2006 iliamua kwamba sakafu zote za nyumba zisizidi asilimia 40 ya eneo la kiwanja, au mita za mraba 214 hivi, kikomo kikiwa ni kile kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Ikaongeza kitu cha werevu, hema la kufikirika. Ukiwa kwenye mpaka wa pembeni wa kiwanja unapanda wima mita 4 na nusu hivi, kisha unainama kuelekea ndani kwa nyuzi 45, na jengo lazima likae chini ya hema hilo. Unaweza kwenda juu, lakini katikati ya kiwanja, si kwenye dirisha la mwenzako. Los Angeles iliweka kikomo chake mwaka 2008, lakini ikaacha nyongeza za ukubwa kwa waliotimiza masharti fulani, na wajenzi wakapita humo humo. Mwaka 2017 ilibidi jiji lirudi kuziba matundu na kupunguza ukubwa unaoruhusiwa.

Ila kuna jambo ambalo watetezi wa mitaa ya zamani, na mimi nikiwa mmoja wao, hatuna budi kulikubali. Kuzuia ukubwa na kuzuia watu ni vitu viwili tofauti. Mtaa unaokataa kila badiliko hupanda bei hadi watoto wa wakazi wenyewe wanashindwa kuishi humo. Jumba la mita 400 linalochukua nafasi ya nyumba ya mita 120 halijampa makazi mtu hata mmoja wa ziada, wakati nyumba nne ndogo ndani ya jengo la ukubwa huo zimezipa makazi familia tatu zaidi. Haya yote mawili huitwa maendeleo, na sheria nyingi zilikuwa zinaruhusu la kwanza na kukataza la pili. Portland ililigeuza hilo mwaka 2020. Katika maeneo yake mengi ya makazi, nyumba ya familia moja ilipunguziwa ukubwa hadi nusu ya eneo la kiwanja, nyumba mbili pamoja zikaruhusiwa asilimia 60, na tatu au nne asilimia 70. Mjenzi anayetaka mita nyingi anazipata kwa kuleta familia nyingi. Na anayetaka nyumba moja anakuta kwamba ile ya zamani, ikiongezewa chumba kwa nyuma, haipishani sana na ukubwa ambao angeruhusiwa kujenga upya.

Zipo zinazostahili kubomolewa

Siwezi kusema kila nyumba kuukuu iokolewe. Nyumba iliyo kwenye bonde linalofurika kila masika haitibiki kwa chokaa. Kuta za mawe zisizofungwa kwa nondo wala mikanda, zikiwa na paa zito juu yake, ni hatari katika nchi ya matetemeko. Japani ilibadilisha kanuni zake za ujenzi mwaka 1981, na nyumba ya kabla ya hapo huangaliwa kwa jicho jingine, kwa haki kabisa. Msingi uliotitia upande mmoja na unaoendelea kutitia unaweza kugharimu kuliko nyumba yote. Lakini rangi ya risasi, iliyopigwa marufuku katika nyumba za Marekani mwaka 1978, na asbesto, iliyokatazwa kabisa Uingereza mwaka 1999, si sababu ya kuita tingatinga. Vitu hivyo vinatakiwa viondolewe au vifungwe na watu waliofunzwa, ukarabati au usikarabati.

Serikali nazo huegemea upande mmoja bila kusema. Uingereza, anayejenga nyumba mpya hatozwi VAT, kiwango chake ni sifuri. Anayekarabati nyumba iliyopo, kwa kazi nyingi, analipa asilimia 20. Kabla fundi hajashika nyundo, nyumba ya zamani imeshabebeshwa moja ya tano ya gharama yake. Wasanifu majengo wa huko wamelipigia kelele jambo hili kwa miaka, na wana haki.

Kabla ya kuamua

Mwenye nyumba anayesita kati ya kubomoa na kukarabati kwa kawaida huanza na jiko, kwa sababu jiko ndilo linalomuudhi kila siku. Jiko halisemi lolote kuhusu uhai wa nyumba. Panda juu ya dari mvua inaponyesha, uone maji yanaingia wapi. Chukua bisibisi, udunge mwisho wa kila mbao ya kenchi pale inapokaa juu ya ukuta, maana huko ndiko uozo huanzia. Ikiingia kirahisi, mbao hiyo imeliwa, na mara nyingi ni tatu au nne kati ya ishirini. Fungua kisanduku cha umeme. Zunguka nje uone maji ya paa yanamwagikia wapi, kwani yakimwagika kwenye msingi umepata chanzo cha nusu ya matatizo. Gharama utakayopewa na mkandarasi iongezee fungu la dharura, kwa sababu nyumba ya zamani huficha mambo nyuma ya lipu, na asiyeweka akiba hiyo ndiye anayeishia kusema kwamba kukarabati ni ghali kuliko kujenga.

Mpangilio wa kazi nao huokoa fedha. Maji kwanza, yaani paa, mifereji na unyevu wa chini. Kisha vinavyobeba nyumba, halafu nyaya na mabomba, halafu vizuia joto, na rangi iwe ya mwisho. Anayeanza na vigae vya bafuni huja kuvivunja bomba likipasuka nyuma yake.

Zimebaki nyufa, ambazo huwatisha watu kuliko kitu kingine. Ufa unaoshuka kama ngazi kwenye viungo vya matofali unasema nyumba ilijongea. Hausemi kama bado inajongea. Chukua penseli, uweke kistari kinachokatiza ufa karibu na ncha yake, na pembeni andika tarehe na upana wake kwa milimita. Acha masika yapite, acha na kiangazi. Kama mwaka umezunguka, ncha haijavuka kistari na upana ni uleule, ufa huo ni wa miaka mingi iliyopita. Ujaze chokaa na mchanga, kisha upande ukaangalie paa. Ukiwa umeongezeka, mwite mhandisi wa miundo, umwonyeshe tarehe zako. Hizo ndizo zitakazomwambia kasi, na kasi ndiyo itakayomwambia kama msingi unaweza kuimarishwa.